Usiache Mbachao: Kabati la Zamani Halijafa

Wadogo zangu! Sogeeni, kaeni, chai iko mezani. Leo maongezi yetu ni ya jikoni, na nitaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana najua jambo hili wengi wenu mnalibeba kimoyomoyo.

Nawajua. Mgeni akija unamkaribisha sebuleni, unamwekea mto mgongoni, unamwashia feni. Akitamka tu, "Ngoja nikusaidie kutoa vyombo," unasimama mlangoni pa jikoni kama askari: "Hapana shoga yangu, wewe kaa." Unayemkinga pale si mgeni. Unakinga makabati. Yale ya kahawia, ya tangu baba mwenye nyumba alipojenga miaka ya themanini, vanishi imeiva mpaka imekuwa nyeusi, mlango mmoja umening'inia kwa bawaba moja, na droo ya vijiko lazima uivute kwa mikono miwili huku umelikandamiza kabati kwa goti. Halafu usiku unalala na simu, unatazama majiko ya watu, meupe, yanang'aa, na moyo unakuuma.

Hilo kwanza nakusamehe. Hakuna mwanamke wala mwanaume anayepika kila siku asiyetamani mahali pake pa kupikia papendeze. Jikoni ndiko unakoanzia asubuhi na ndiko unakomalizia usiku. Ukiwa unaingia pale na kuvunjika moyo mara tano kwa siku, hata chumvi unakosea. Kwa hiyo usijione mtu wa anasa. Una haki ya jiko zuri.

Nisichokusamehe ni hiki unachotaka kufanya kesho. Unataka kumwita kijana aje na nyundo, ayang'oe yote, ayatupe uani, halafu ukope pesa ununue mapya. Na pesa yenyewe unataka kuitoa wapi? Kwenye mikopo ile ya kausha damu, inayoingia leo na wiki ijayo mtu yuko mlangoni anadai rejesho. Mdogo wangu, kabati halijawahi kumuua mtu kwa uzee wake. Deni la kabati limewakosesha watu usingizi, limewagombanisha na waume zao, limewafanya wauze hata friji waliyokuwa nayo. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako umechakaa, sawa, lakini ndio unaoukalia. Msala mzuri wa mpita njia hujui hata umeshonwa na nini.

Basi tuanze hapohapo: umeshonwa na nini?

Makabati mengi mapya ya bei nafuu yanayong'aa madukani ni ya ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ule mafundi wanauita MDF, au chipubodi, ambayo ni vipande vya mbao vilivyogandishwa pamoja. Juu wamebandika ngozi nyembamba ya plastiki nyeupe. Siyo vitu vibaya, na vina mahali pake. Lakini chipubodi ni adui wa maji. Bomba la sinki likivuja wiki mbili tu bila wewe kujua, ubao unavimba kama andazi, na ukishavimba haurudi. Wazee walishatuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku hizi, mdogo wangu, wakati mwingine ndani hata hicho kipande cha mti hakimo.

Hayo yako ya zamani, unayoyaonea aibu, ni ya nini? Nenda sasa hivi ukaangalie. Fungua mlango, tazama ukingo wake wa juu, pale ambapo fundi hakuhangaika kupaka. Ukiona mistari ya mbao inaendelea kutoka usoni mpaka ukingoni, hiyo ni mbao halisi. Ukiona matabaka kama mkate wa vipande, ni plaiwudi. Ukiona chengachenga kama pumba, ni chipubodi. Ubebe huo mlango. Ukiwa mzito mpaka unaomba msaada, pengine umeshika mninga, mkongo au mvule, na hapo nakuomba ukae chini kwanza. Mninga unakua miongo mingi kabla haujatoa ubao wa maana. Unatoka kwenye miombo ya huko Tabora na Katavi, na leo ukienda kwa mafundi wa Keko kuulizia mlango wa mninga uliokauka vizuri, bei yake itakufanya umeze mate. Wewe unayo kumi na minne, umeitundika ukutani, na unataka kuitupa uani ikawe kuni.

Nawaambia haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe niliharibu.

Nilipohamia nyumba yangu ya kwanza nilikuta makabati ya mbao, kahawia iliyokolea, na nikayachukia siku hiyohiyo. Nilikuwa na ndoo ya rangi nyeupe ya maji iliyobaki ukutani. Jumamosi asubuhi nikachukua brashi nikaanza kupaka. Sikuosha, sikupiga msasa, hata milango sikuifungua kwenye bawaba. Jioni jiko lilikuwa jeupe kama kanzu ya Idi na mimi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuisimulia. Wiki ya pili, pembeni ya jiko la gesi, rangi ikaanza kutoa malengelenge. Mwezi wa pili ukikwaruza kwa ukucha inatoka utando mzima, kama ngozi ya nyanya uliyoichovya kwenye maji moto. Na pale ilipong'ang'ania, madoa ya kahawia yalipenya kutoka ndani, makubwa, kama chai iliyomwagika. Nililia, wadogo zangu. Niliwaficha wageni jiko langu zaidi kuliko mwanzo. Kuitoa rangi ile kulinigharimu kuliko kama ningefanya vizuri tangu siku ya kwanza.

Nilikosea nini? Mambo matatu, na hayo matatu ndiyo makosa ya karibu kila mtu. Nilipaka juu ya mafuta. Nilipaka juu ya vanishi inayoteleza. Na nilipaka mbao yenye utomvu bila kuizuia. Tuyachukue moja moja, maana haraka haraka haina baraka.

Mafuta kwanza. Jiko la Kiswahili ni jiko la kukaanga. Samaki, vitumbua, vitunguu vya pilau, maandazi ya alfajiri. Kila unapokaanga, mvuke wa mafuta unapanda na kukaa juu ya makabati, na kama mlitumia mkaa ndani miaka ya nyuma, masizi yameungana nao. Miaka thelathini ya namna hiyo ni gamba. Hakuna rangi duniani inayoshika juu ya gamba la mafuta, hata ile ya bei ghali kuliko zote. Kwa hiyo kuosha ndiyo kazi yenyewe, kupaka rangi ni mapambo yake. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa, na mswaki wa zamani kwa ajili ya kona na nakshi. Osha, suuza kwa kitambaa kingine chenye maji safi, kausha papo hapo. Usimwage maji, mbao siyo sakafu. Palipokataa kabisa, futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, madirisha yakiwa wazi. Magadi yanakata mafuta vizuri juu ya rangi ya zamani, lakini usiyapake kwenye mninga mtupu, yanaweza kukuachia madoa meusi. Na nakuonya kama mama yako angekuonya: usichanganye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na siki, ukidhani ukali wa viwili utasaidiana. Hewa inayotoka hapo ni sumu ya klorini, inachoma mapafu.

Ngoja nikupe siri hapa. Wengi wakishamaliza kuosha tu, wanagundua hawahitaji tena rangi. Nilipokwenda Tanga kumsaidia mama kupanga nyumba yake, nilikuta kabati lake la jikoni, la mtiki, limekuwa jeusi mpaka mashangazi walikuwa wameshakubaliana liuzwe. Nikaosha mlango mmoja. Maji ya ndoo ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi, ya pili rangi ya mchuzi, ya tatu yakaanza kuwa maji. Mlango ulipokauka kibarazani, mistari ya mbao ilitokeza, ya dhahabu, kama mtu kaichora kwa kalamu nyembamba. Na upande wa ndani nikakuta vijiti vya penseli, vitano vitano, vimekatwa kwa mshazari. Mama alikuwa akihesabia chupa za maziwa ya muuza maziwa, mwisho wa mwezi wanalipana. Hesabu za tangu tukiwa wadogo. Nilikaa chini kwenye kigoda nikavitazama kwa muda mrefu. Kabati lile nusura tuliuze kwa bei ya gunia la mkaa.

Basi, tuendelee. Ukishaosha, vua milango. Usipake mlango ukiwa umening'inia, rangi inachuruzika na bawaba zinagandana. Chukua bisibisi, toa milango na droo zote, na kila mlango ubandike kipande cha karatasi ya gundi nyuma, uandike namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namba hiyohiyo iandike ndani ya kabati unakotoka. Utaniona nakusumbua, lakini subiri siku ya kurudisha. Milango ya zamani ilichongwa kwa mkono, kila mmoja ulisawazishwa kwa nafasi yake, na wa tatu haukubali kukaa kwa wa tano. Skrubu na bawaba za kila mlango ziweke kwenye mfuko wake mdogo wenye namba yake.

Hapo ndipo ukague ugonjwa. Chini ya sinki, bonyeza kwa kidole gumba. Ukizama, pameoza, na hapo usibembeleze: mwite fundi seremala akate kipande kile tu, aweke plaiwudi ya kustahimili maji. Ukiona njia za udongo zimepanda ukutani, ni mchwa. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano na chini yake unga mpya mweupe, wadudu bado wamo ndani wanakula. Piga dawa ya mbao kwanza, subiri, ndipo uendelee. Rangi haimfukuzi mdudu, inamjengea dari tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hili la mchwa ukilifumbia macho utajenga jiko zima.

Sasa msasa. Mnajua kwa nini unaitwa hivyo? Msasa ni mti wetu, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa pwani walikuwa wakisugulia mbao kwa majani yake kabla karatasi za dukani hazijafika. Kwa hiyo kazi hii ni ya nyumbani, wala msiiogope. Anza na namba 120 kama vanishi ni nene, malizia na 180 au 220. Fuata mistari ya mbao, usikatishe. Hutaki kuila mbao, unataka kuondoa ule mng'ao tu, ili rangi ipate pa kushika. Palipo na mashimo, ziba kwa unga laini wa mbao yenyewe uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, uache ukauke, usugue tena.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa, hasa wenye watoto na wenye mimba. Vumbi la mbao siyo vumbi la barabarani. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanyia kazi hiyo uani, vaa barakoa, funika nywele. Na kama makabati yalishapakwa rangi ya mafuta miaka ya nyuma, hasa ya njano, nyekundu au kijani kilichokolea, chukulia kwamba inaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Rangi ya namna hiyo usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe kidogo, tumia msasa wa maji, futa kwa kitambaa cha maji, usifagie kwa ufagio, na watoto wapeleke kwa bibi siku hiyo. Jiko zuri la kumwumiza mtoto halina uzuri.

Sasa swali mnalolingojea: rangi au vanishi?

Mimi ni dada yenu na nitasema wazi. Kama mbao yako ni mninga, mkongo, mvule au mtiki, na haijaharibika, usiipake rangi. Narudia, usiipake. Toa vanishi ya zamani, piga msasa, paka vanishi mpya isiyo na rangi, mikono miwili au mitatu, ukisugua kidogo kwa namba 320 kati ya mkono na mkono. Ule weusi unaouchukia ni wa vanishi na mafuta, mbao haina kosa. Lakini kama makabati yako ni ya msonobari uliojaa mafundo, au plaiwudi, au mchanganyiko wa mbao tatu ambazo fundi aliokota, paka rangi kwa moyo mweupe.

Ukipaka, anza na praima ya mbao. Hii ndiyo niliyoiruka mimi. Praima inashika mbao, rangi inashika praima. Na kwa mbao yenye utomvu mwekundu au mafundo, muulize muuza duka akupe ile ya kuzuia madoa, vinginevyo yale madoa yangu ya chai yatakufikia. Rangi ya ukutani usiitumie, haina ugumu wa kustahimili mikono yenye mafuta na kitambaa cha kila siku. Chukua rangi ya mafuta, au ile ngumu ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na milango. Ujue pia kwamba nyeupe ya mafuta inageuka njano polepole mahali pasipopata mwanga. Kwa hiyo kwa jiko lenye giza, badala ya nyeupe kabisa, chukua rangi ya samli au ya maziwa mabichi, ambayo haitakusaliti. Makabati ya chini yanaweza kubeba rangi nzito, kijani cha mchicha au buluu ya bahari, maana ndiyo yanayopigwa mateke na ndoo. Ya juu yaache mepesi ili chumba kipumue.

Na kabla ya kwenda dukani, piga hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Mlango wa sentimita 40 kwa 70 una pande mbili, ni kama mita 0.56 za mraba. Milango 14 ni karibu mita 8. Ongeza fremu na pembeni, sema jumla 12. Mikono miwili ni 24. Lita moja inafunika kama mita 10. Kwa hiyo unahitaji lita mbili na nusu hivi, na galoni moja ya lita nne inakutosha na kubaki ya marekebisho. Asikudanganye mtu ununue ndoo ya lita 20.

Chagua na majira. Anayeishi pwani asianze kazi hii masika, Machi mpaka Mei, hewa ikiwa imejaa maji. Rangi itakaa inanata mpaka utaichukia. Subiri kipupwe, Juni mpaka Agosti, jua la upole na upepo mkavu. Laza milango juu ya vipande vya mbao, paka nyuma kwanza, geuza, paka mbele. Tabaka jembamba, ngoja likauke sawasawa kama lilivyoandikwa kwenye kopo, kisha la pili. Tabaka nene halikuokolei muda, linachuruzika. Na wakati wa thina na tapentaini, mtungi wa gesi ufungwe na jiko la mkaa liwe mbali, nje kabisa. Vitambaa vyenye mafuta ya kung'arishia mbao usivirundike kwenye kona, vinaweza kushika moto vyenyewe. Vianike nje vikauke.

Halafu, mdogo wangu, subira. Rangi inakauka mkononi kwa siku moja lakini inakomaa kwa wiki kadhaa. Usirudishe milango jioni ileile kwa sababu shemeji yako anakuja kesho. Mimi najua hamu ya kuonyesha. Rudisha baada ya siku tatu au nne, na mwezi wa kwanza futa kwa kitambaa laini tu.

Sasa tufike kwenye raha yenyewe, vile vitu vidogo vinavyobadilisha uso. Vishikio. Kabla hujaenda Kariakoo, pima katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu. Mara nyingi utakuta milimita 96 au 128. Nunua vya kipimo hichohicho, hutatoboa upya. Kama vyako ni vya shaba, subiri, vichovye kwanza kwenye maji ya ndimu na chumvi, usugue, huenda usihitaji kununua chochote. Bawaba zilizolegea, mara nyingi bawaba haina ubaya, tundu la skrubu ndilo limepanuka. Chonga njiti ya mbao, ipake gundi, ichomeke tunduni, ikikauka kaza skrubu palepale. Kazi ya nusu saa, na ule mlango uliokuaibisha miaka sita umesimama.

Ukitaka fahari kidogo, chagua milango miwili ya juu, toa ubao wa katikati, weka kioo, au weka henzerani ile ya viti vya bibi, au ukili uliosukwa wa rangi mbili. Tunao wasukaji pwani nzima, kazi yao ikae jikoni kwako badala ya karatasi za kunata zenye picha za marumaru, ambazo mvuke ukizipiga zinajikunja pembeni. Lakini usivue milango yote ukaacha rafu wazi kwa sababu umeona kwenye simu. Wanaopiga picha zile hawakaangi samaki kila Ijumaa. Vumbi na mende watakuwa wapangaji wako.

Tuzungumze pesa na fundi, maana hapa ndipo mnapoumizwa. Usimpe fundi pesa yote mkononi. Vifaa nunua mwenyewe, ukiongozana naye dukani. Andikeni kazi gani, siku ngapi, na malipo kwa mafungu: kidogo akianza, kidogo milango ikishapigwa msasa na praima, kilichobaki ukishafungua na kufunga kila mlango kwa mkono wako. Simama umwone akiosha. Fundi akikwambia "Dada, haina haja ya kuosha, rangi itafunika," mshukuru, mpe nauli, aende. Simwiti mtu mbaya, ila hiyo hadithi mimi naijua mwisho wake. Na kama pesa haitoshi, fanya kwa mafungu: mwezi huu kuosha na bawaba, mwezi ujao makabati ya chini, ukipata mchezo wako wa upatu umalizie ya juu. Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna aliyekwambia lazima liishe kabla ya sikukuu.

Aliyepanga, muulize mwenye nyumba kabla hujagusa brashi, upate jibu kwa maandishi hata kwa ujumbe wa simu. Vishikio vya zamani ulivyovitoa vihifadhi, siku ya kuhama urudishe vyake uondoke na vyako. Na anayeishi kwa mama mkwe, usiamke asubuhi ukapaka kabati lake kijani. Kaa naye, mwonyeshe mlango mmoja uliosafishwa, mwache yeye aseme "na huu pia." Kabati la mtu mzima lina mambo yake ndani.

Lile la mama lipo mpaka leo, Tanga. Mashangazi waliotaka liuzwe sasa kila mmoja anadai alilitetea. Tulilipaka vanishi, tukaziba matundu matatu, tukasafisha shaba. Ule mlango wenye vijiti vya penseli nilimwambia fundi upande wa ndani asiuguse hata kwa kitambaa. Mama akiufungua kutoa sukari, wakati mwingine anavigusa kwa kidole, anahesabu tena.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, mdogo wangu. Kesho asubuhi, kabla hujampigia simu mtu wa nyundo, kabla hujatia sahihi mkopo wowote, chukua ndoo, sabuni na kitambaa. Osha mlango mmoja. Mmoja tu. Uanike kivulini, unywe chai yako, kisha urudi uutazame. Ndipo uamue.